Vijiti Vilivyohama Juu ya Barafu

Toro, chini ya milima ya Rwenzori

Kaka yangu Abdalla,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na kahawa ya Ihembe iwe imezaa. Mimi sijambo, ila vidole vya miguu vimebabuka kwa baridi.

Nimekuwa mnyapara wa wapagazi. Mzungu wetu hatafuti pembe wala dhahabu, kaja kutazama barafu. Kaka, hayo ni maji yaliyoganda yakawa magumu kama mwamba, yamejaza bonde zima. Akaniamuru nisimike vijiti juu yake, ng'ambo hadi ng'ambo. Nikavinyoosha kama tunavyopanda milamula, ile miti ya alama, mpakani mwa shamba.

Tuliporudi baada ya majuma mawili, mstari umepinda, vijiti vya katikati vimeteremka. Nikamvaa Rwegasira, mpagazi aliyebaki kulinda kambi.

"Umevihamisha wewe."

"Sijavigusa, mnyapara. Nivihamishe ili nipate nini?"

Nikamwita mwongo mbele ya wenzake.

Mzungu alicheka hadi akakaa chini. Kumbe barafu inatembea, katikati upesi kuliko kingoni, na inakwenda na mawe yake. Akatushusha tuone ilikopita zamani. Bonde limechimbwa kama mtumbwi wa kukandia ndizi za pombe, sakafu yake pana, kuta zimesimama. Mwamba umesuguliwa ukang'aa, na michirizi yake yote inaelekea bondeni. Mbele kuna tuta refu la mawe yaliyoburuzwa, na nyuma ya tuta ziwa limetulia. Jiwe moja kubwa kuliko nyumba yetu limekaa peke yake majanini. Barafu ililibeba, ikayeyuka, ikaliacha. Nililipapasa muda mrefu. Sijaona kazi kama ile maishani mwangu.

Hapo nikakukumbuka. Ulisema mvua kubwa ilisomba mteremko, milamula ya mpaka wetu ikashuka na udongo hadi ndani ya shamba langu la chini. Nilikucheka, nikakuita mwizi wa ardhi mbele ya mama, nikaondoka bila kuaga. Kaka, sikukuona ukiing'oa. Rwegasira nimemwomba radhi, tukapeana mikono. Wewe uko mbali, na aibu imenishika, basi naandika: nisamehe.

Nisalimie mama, shemeji, na shangazi yetu wa Kihanga. Mjomba mwenye duka Nkwenda mwambie blanketi lake limeniokoa.

Milamula usiirudishe juu. Iache palepale iliposhukia. Nikija nitalima kuanzia hapo.

Mdogo wako,
Salimu