Matone ya Mwisho

Musoma, Jumanne, 1984

Bibi hakupasuliwa. Muuguzi alimtia matone ya kupanua mboni ili daktari aondoe mtoto wa jicho. Yalimchoma sana. Nilipotoka kidogo kuuliza zamu yetu, akanawa uso wote kwa maji, matone yakatoka. Niliporudi akaniuliza:

"Kwa daktari mtu anaendaga na machozi, mjukuu wangu?"

Daktari alipommulika, mboni ilikuwa bado ndogo. Muuguzi akatikisa chupa tupu. "Yalikuwa ya mwisho, bibi. Hata Mwanza hakuna."

Daktari ni mgeni, anaondoka kesho. Na jicho la pili limeanza kuingia ukungu.

Kwa nini hakuna anayetengeneza matone yasiyochoma? Nitamuuliza mwalimu wa baiolojia. Labda mimi...

Bibi ameniuliza kama daktari alikasirika. Nimesema hapana. Akasema afadhali, ndipo akalala.