Jiwe ya Numero Kumi na Saba

Beni, tarehe 9 mwezi wa tatu

Yaya Eliezer mupendwa,

Nakusalimia sana katika jina ya Bwana wetu, weye na bibi yako na batoto. Habari ya Kampala? Yule mudogo mwenye alikuwa anakohoa amepona? Huku Beni tuko, Mungu anatulinda, mvua inanyesha kila mchana. Miye niko muzima na kazi iko: ku comptoir, kwenye bananunua madini, banaume bananiletea mawe ndani ya soksi, na miye nabaambia kama ni kitu ao ni bure. Papa naye ni muzima wa mwili. Amefikisha miaka makumi saba na sita na bado anapanda ile kilima ya Kimemi kule Butembo bila fimbo.

Nakuandikia ku karatasi, na natuma ku mukono wa mama Providence mwenye anakuja huko kununua bitambaa, juu ku telefone ungenijibu mbio, na sitaki unijibu mbio. Jambo ya kwanza ni hii: papa anasema usimutumie tena ile loupe, kioo ya kuonea bitu bidogo, yenye alikuomba. Haina kazi tena. Nakueleza sababu.

Unakumbuka mawe yake. Wakati alikuwa anafundisha kule Manguredjipa, bachimbaji balikuwa banamupa, na zingine aliokota mwenyewe ku muto. Arobaini na moja, kila moja ndani ya kopo ya tomate, na etiketi: numero, jina, mahali ilitoka, na ile maandishi yake ya ubaoni. Marehemu mama alikuwa anasema ile nyumba ni ya mawe, sisi tunapanga tu.

Mbele ya Noeli, prefet Delphin, mukubwa wa masomo kwenye papa alimalizia kazi, alikuja kumuambia kama banafungua armoire, kabati ya bioo, kwa banafunzi ba géologie. Jiwe yoyote ya papa yenye iko na jina ya kweli itaingia, na juu ya armoire bataandika jina yake, Mwalimu Kitsa. Hata kama ni moja tu, prefet alisema, moja inatosha. Papa akajibu kama hapana yeye wa kuhakikisha, yeye iko na binti mwenye alisomea mawe, na huyo binti atasahihisha bila huruma. Prefet akacheka. Papa hakucheka.

Basi nikapanda Butembo siku ya posho, Jumamosi. Ndani ya salon nikakuta prefet, na muchungaji Ésaïe, na banafunzi wawili ba zamani benye sasa biko na mvi. Papa alivaa ile koti alivaa ku ndoa yako. Mbele ya bote akanipa bic rouge, kalamu yake nyekundu, akasema niandike ku kila etiketi jina ya kweli, na ku mwisho niweke cote, points za yote, sawa vile yeye alikuwa anafanya.

Yaya, ile bic. Weye ulikuwa umekwisha kuenda secondaire, haukuona. Mwaka wa tano, yeye njo alikuwa mwalimu wangu, alinipa arobaini na kenda ku mia, na kupita ni makumi tano. Nilimupelekea cahier, nikamuonyesha hesabu moja ya kugawanya yenye aliweka musalaba, na ilikuwa sawa, hata leo naweza kuifanya mbele yako. Akasema kopi yenye imesahihishwa haisahihishwe mara mbili, na hakuna mutu atasema mutoto wa mwalimu anapewa points juu ya papa yake. Nilirudilia mwaka. Nilikaa banc ya mbele katikati ya batoto badogo, magoti inagonga meza, na wageni bakikuja alikuwa ananionyesha kwa kidole kama mufano wa haki yake. Niko na miaka makumi tatu na nane, na ile point moja bado inaniuma.

Nikaanza. Kwetu kazi si uchawi: unasugua jiwe ku mugongo ya carreau ya sakafu yenye imebunjika, unaangalia rangi ya unga, unaipima ku mukono. Dhahabu yake ilitoa unga nyeusi, nikaandika pirite, dhahabu ya uongo. Malachite yake, ile ya kijani, ilikuwa kipande ya chupa ya bière yenye muto ililamba. Ile yenye aliita manganese ilikuwa ule mti mweusi wa ndani ya buji, betri ya radio. Hapo nilicheka, na bote bakacheka. Nilikuwa naeleza pole pole, na sauti ya juu kidogo, sawa vile mutu anaeleza batoto ba mwaka wa tano. Papa ku kila moja alisema tu wasingya, asante ya kwetu, anachukua kopo, anaiweka chini karibu na muguu yake. Numero kumi na saba, nyeusi, aliandika kasiterite, jiwe ya bati. Nikaandika tourmaline. Nikamueleza kama tourmaline inajulikana juu iko na mistari midogo midogo, lakini macho ya muzee haiwezi kuiona. Ku mwisho nikaandika zero ku arobaini na moja, nikapiga mustari chini mara mbili.

Prefet aliaga mbio. Magaribi ya ile siku papa akabeba mawe yote na beseni, akayamwanga ndani ya lile shimo mbele ya nyumba kwenye bamotari na pikipiki zao banakwamaka, akayapiga na nyundo mpaka ikakuwa sawa na njia. Siku ya Mungu akasimama ndani ya kanisa, akaomba banafunzi yake bote bamusamehe, juu aliwafundisha uongo miaka makumi tatu. Bamama balilia. Miye nilikuwa ku banc ya tatu na sikulia.

Sasa sikiliza, yaya. Numero kumi na saba ilikuwa kasiterite. Nilijua mbele hata ya kuisugua, juu ilikuwa nzito mpaka mukono ilishuka, na tourmaline ni nyepesi. Moja tu ku arobaini na moja, na ile moja ingetosha kuandika jina yake juu ya armoire. Sikukosea. Nilidanganya, na nilisikia utamu mu kinywa.

Mwezi wa pili roho ilinisumbua, nikarudi. Nilichimba lile shimo na kisu ya jikoni, bamotari bananipigia kelele, mpaka nikaipata kwa uzito wake, bado nzima. Nikaiosha, nikamupelekea, nikasema nilikosea, ni yako, ni ya kweli. Aliipima ku mukono muda murefu. Kisha akairudisha ku meza na akasema hapana. Akasema kopi imekwisha kusahihishwa, na yeye hatapokea point ya huruma juu iko papa yangu. Kuko neno moja tu ingemufanya aamini, ni kumuambia kama nilifanya makusudi, na juu ya nini. Angeamini palepale. Nilikunywa chai yake, nikamaliza kikombe, sikulisema. Na usifikiri nilimuhurumia. Tangu ile siku ananiita mwalimu mbele ya batu, na miye ninapenda.

Ile jiwe ameiweka juu ya radio. Na hapa njo nafika: ile neno ya kukataza loupe hapana yake, ni yangu. Yeye kila juma ananiuliza kama umeituma. Anasema ameanza tena masomo, anataka aone mwenyewe ile mistari ya tourmaline yenye nilimuambia. Ataitafuta na hataipata, yaya, juu haiko. Na papa yetu si mujinga, atajua kama mutu mwenye anashika mawe kila siku hawezi kukosa pale. Nilikamata bic asubuhi ili nikudanganye na weye, na sasa naona nimekwisha kuandika yote, na sina nguvu ya kupasua karatasi.

Mama Providence anarudi siku ya posho yenye inakuja. Kama loupe iko ndani ya muzigo yake, nitaipandisha Butembo na kuiweka ku mukono wa papa. Kama haiko, nitamuambia weye njo ulisahau.

Usalimie bibi yako na ubusie batoto, zaidi yule wa kikohozi, umupe asali na tangawizi. Bajirani ba Kimemi banakusalimia, na papa anakusalimia sana. Mungu akae na bote mu nyumba yako.

Ni miye mudogo wako,
Hadassa