Simu ya Baba Chini ya Mto Wangu

Jumanne usiku

Hii sijamwambia mtu. Kampuni ya Baba inahesabu saa za dereva kwa simu: ikitulia mahali pamoja, basi amepumzika. Kwa hivyo Baba huniachia yake hapa Londiani, halafu anaendesha lori la chai usiku kucha hadi Mombasa.

Jana alirudi na kioo cha pembeni kimevunjika. "Nilisinzia kidogo tu, mami. Usimwambie mama yako." Akacheka. Mimi sikucheka.

Leo ameondoka tena bila kulala. Siwezi hata kumpigia. Namba ya taniboi, msaidizi wake wa lori, anayo Mama, lakini nikianza kumweleza maneno yatanikwama, najijua.

Nasikia slipa za Mama, anakuja. Siku zote mimi hufunika ukurasa wa daftari hili.

Leo nauacha wazi. Soma, Mama, halafu umpigie taniboi wasimame.