Kisanduku Kilichohamia Dirishani

Ghorofa ya Tatu, Jengo la Matofali,
Nyuma ya Karakana ya Mabasi.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Salamu kwanza, habari baadaye. Ndivyo mama alivyotulea, nami sijaacha. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anakohoa asubuhi na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima. Meno yamepungua, lakini yaliyobaki yanaelewana.

Nimekupigia simu mwezi mzima bila kukupata. Yule mwanamke wa mitamboni hunijibu kwamba hupatikani, kwa upole kiasi kwamba nimeanza kumzoea. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Usishtuke, hakuna msiba. Kuna jambo limetokea hapa kwetu ambalo limenikaa kichwani, na kwa kuwa ni wewe uliyeifungua redio ya baba ili uone msemaji anakaa wapi, nikaona ni wewe wa kuambiwa.

Chini ya jengo letu kuna ukumbi. Sisi tuliohamia zamani na wale waliofika juzi tunasomea magazeti humo, tunajifunza lugha ya hapa, na tunatumia kompyuta ya pamoja. Intaneti ilikuwa ikija kwa waya uliopita chini ya ardhi, hadi wachimba barabara walipoukata. Kampuni ikatuambia tusubiri. Mpaka lini, haikusema.

Siku nyingine tungesubiri tu. Kazi hiyo tumeifuzu. Lakini Alhamisi ilikuwa siku ya fundi cherehani, yule mama jirani aliyenigeuzia kola ya koti. Binti yake alibaki kwa bibi yake, nchi nyingine, tangu akiwa ananyonya. Sasa ni msichana wa kusuka nywele zake mwenyewe. Maofisa wa uhamiaji walipanga kuwahoji wote wawili kwa video, mama huku na binti kule, kisha waamue kama mtoto aje. Asiyeonekana saa yake ikifika, faili lake linarudishwa chini ya rundo. Mama yule amekuwa akilipanda rundo hilo kwa miaka.

Basi akaitwa fundi wa mitandao, mwanamke mrefu mwenye begi mgongoni, tunayemwita Binti Nyaya. Aliniruhusu nikae kando yake niulize, na unanijua kwa kuuliza. Alinionyesha kisanduku cheusi chenye unene wa kamusi, anachokiita kontrola. Mimi miaka yote nilidhani waifai inazaliwa kwenye vile visahani vyeupe vya darini. Kumbe visahani ni wapokea wageni tu. Mkubwa wao ni kisanduku: ndicho kinachoamua nani aingie na apite njia gani. Tatizo ni kwamba kilijua njia moja tu ya kutokea nje, ule waya.

Akakifundisha ya pili. Alichomeka modemu ndogo yenye laini ya simu ndani yake. Akafungua ukurasa wa kisanduku kwenye kompyuta, akaandika namba ya siri ya laini, kisha jina la lango la kampuni ya simu; bila jina hilo, alisema, laini inafika mnarani lakini haijui igonge mlango gani. Mwisho akakipa amri: waya ni njia ya kwanza, ukifa, pita hewani, ukifufuka, rudi kwenye waya. Hata sinema anazotazama humo jirani yetu kinyozi akazizuia, zisije zikalimaliza bando. Kinyozi alinuna mpaka jioni.

Nikamuuliza, kisanduku kitajuaje kwamba waya umekufa?

"Babu, kinaupigia hodi kila wakati. Usipoitika mara kadhaa, kinauhesabu umekufa."

Niliwafikiria watu niliowahesabu hivyo hivyo.

Tulijaribu, ikafanya kazi safi. Binti Nyaya akaondoka. Hajafika kituoni, intaneti ikakata. Akaitwa, akaja, akakitazama kisanduku: taa ya kijani, kila kitu sawa. Akaondoka, ikakata tena. Ugonjwa gani huu, mdogo wangu, unaopona kila daktari akiingia na kurudi akitoka? Nilikosa usingizi kwa kulifikiria jambo hilo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenyekiti wetu wa ukumbi, tunayemwita Makufuli. Kila kitu cha thamani, kisanduku kikiwemo, hukitia kwenye kabati la chuma, hufunga, na funguo huzivaa shingoni. Daktari wetu wa nyaya akija, Makufuli hufungua kabati. Akienda, hulifunga. Asubuhi nikamwomba aifungie simu yangu humo, nikamwambia kinyozi anipigie. Kimya. Tukafungua mlango, ikaanza kuita mikononi mwangu. Chuma kile kinazuia mawimbi kama kinavyozuia wezi. Nilicheka peke yangu, kwa raha uliyoipata wewe siku ile ulipoikuta redio ni tupu.

Makufuli hakucheka. Kukiweka kisanduku nje ya kabati? Tena dirishani, ambako mawimbi yana nguvu? Akakataa katakata. Sikumlaumu. Siku alipotoka kwao hakufunga mlango, kwa sababu alijua atarudi jioni, na hajarudi hadi leo. Tangu hapo anafunga kila kitu.

Aliyemweza ni fundi cherehani. Alikuja na futi ya kupimia shingoni, akasimama mbele yake.

"Mzee, hicho kisanduku kikiibwa nitakushonea koti jeusi ukililie. Mwanangu asipoonekana Alhamisi, wewe utanishonea nini?"

"Mama, si ubaya. Nalinda mali ya watu."

"Basi ilinde kwa macho. Kabati halina macho."

Kinyozi akadakia kwamba kabati lina akili kuliko baadhi ya wenyeviti, akafukuzwa. Lakini funguo zilitoka shingoni. Mama yule alishona mfuko wa kitambaa wenye mikanda, tukakitia kisanduku humo na kukifunga kwenye nondo za dirisha. Makufuli akavuta kiti, akaketi pembeni, mkono mmoja juu ya mfuko kama mtu anayempima mtoto homa.

Alhamisi binti alitokea kwenye kioo cha kompyuta. Alimtazama mama yake, kisha akatazama nyuma ya bega lake.

"Mama, yule mzee ni nani?"

"Yule? Anatushikia mlango usifungwe."

Makufuli aligeuza uso dirishani. Ofisa aliuliza maswali yake yote na picha haikukwama. Faili halikurudi chini. Limepelekwa meza ya juu, na huko tunaambiwa rundo ni fupi. Waya wenyewe umeshaungwa, lakini Makufuli bado anaketi dirishani, na hakuna anayemwambia aondoke.

Sasa nakuja kwako, Kidoti. Mwanao aliponitembelea alinidokeza kwamba ile simu niliyokutumia umeiviringisha kwa kanga mpya na kuitia kwenye kabati la chuma la shemeji, chini ya mashuka, isipate mikwaruzo. Itoe. Iweke dirishani, ipigwe na jua kidogo, ichubuke. Nitapiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na nikikosa nitapiga tena. Mimi si kisanduku, sitakuhesabu umekufa.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, shangazi wa mtaa wa pili kama bado anagombana na kuku, na wajukuu wote, hasa yule anayefungua vitu akashindwa kuvirudishia. Mwenyezi Mungu awape afya na masikio mazuri.

Ni mimi akupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,

Kaka yako,
Miwani