Palmiers za Nyawera

Gloire, uko connectée? Natoka tu ku misa. Haya iko inaniua.

Zile palmiers, mitende ya projet, tulipanda jana ku Nyawera, mbele ya maduka, ba-maman ba soko bapate kivuli na maji ya mvua isibebe tena udongo… Mimi mwenyewe njo nilishika micro: «Hii miti ni yenu! Ni yenu!» Bakapiga makofi sana. Nikasema mu roho, sensibilisation imepita, batu bameelewa.

Leo ni Jumapili ya Matawi, Gloire. MATAWI.

Procession inaingia, kila mutu ameinua tawi juu. Mabichi, mazuri! Zingine ziko bado na etiketi ya projet yetu. Na padri anazirushia maji ya baraka!

Nikauliza Maman yangu polepole: «Hiyo umeitoa wapi?» Hata haya hana: «Si ulisema ni yetu? Nilikukatia na yako, shika.»

Nikashika. Ningefanya nini?

Na nani iko nyuma yangu? Madame Ingrid, ule muzungu mwenye analipa projet. Anapiga picha, machozi mu macho: «Laurette, angalia, population imepokea projet!»

Nikajibu: «Ndiyo Madame. Imepokea kabisa.»

Kesho namupeleka Nyawera kuona miti. Kule imebakia vijiti tu, Gloire. Vijiti!

Na tawi ya baraka haitupwe. Mwaka kesho bataziunguza, na Mercredi des Cendres, ile Jumatano ya Majivu, padri atatupaka projet yote ku paji ya uso.