Fuawe Yako Iko Spring Valley

Hurlingham, 9 Februari 2024

Mulembe Baba,

Natumai goti limepoa na unafika sokoni bila fimbo. Sisi tu wazima. Namalwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anamwonyesha kila mtu mwanya. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na jambo lenyewe ni la kazi yako.

Maxwell wako amepata kazi kwa bwana mmoja wa Kitisuru, anaitwa Kibe. Amenunua nyumba kuukuu, na nyuma yake kuna banda lililokuwa karakana ya mhunzi: feni ya kuchochea moto, ile ya kuzungusha kwa mkono, jiliwa ya mguu mrefu ya kubania chuma, na mashine ya kutoboa chuma. Anataka tuvirudishe jinsi vilivyokuwa zamani, avipange katika mkahawa wake mpya kule Spring Valley. Maxwell anashughulikia chuma, mimi natafuta rangi ya kwanza.

Baba, uchafu! Kuku wamelala juu ya ile mashine miaka sijui mingapi. Ndani ya feni nimetoa kiota cha panya na panya mwenyewe, amekauka kama soli ya kiatu. Grisi imeganda, inanuka samaki. Nimekwangua kwa wembe nikapata nyeusi, kisha fedha, kisha buluu, halafu kitu kama kijani. Hicho ni rangi kweli, au ni uchafu tu? Wewe uliyefua chuma huku Nairobi miaka thelathini utajua.

Mkamwana wako,
Waithera


Kimilili, 27 Februari 2024

Mama Namalwa,

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya huyo panya. Goti ni lile lile. Mke wangu Veronicah anawasalimu, amevuna maharagwe na mengine ni yenu.

Hicho kijani ni rangi. Feni za aina hiyo nilizozikuta nikiwa kijana zilikuwa kijani iliyokolea, kama ganda la parachichi bichi, na gurudumu lilikuwa na mstari mwembamba wa manjano. Usiamini sehemu iliyopigwa na jua. Fungua bamba la miguuni utazame chini yake, na nyuma ya nati, hapo rangi hukaa bila kuguswa. Osha kwa mafuta ya taa na kitambaa. Brashi ya waya weka mbali kabisa, na umwambie Maxwell hilo kwa sauti, maana yeye na grainda ni pete na kidole.

Na fuawe yangu niliyowaachia, ile niliyofulia chuma juu yake, mnaipaka mafuta? Niliichonga mwenyewe kutoka kipande cha reli, mwaka niliomwoa Veronicah. Goti likikubali nitaijia.

Babu wa Namalwa


Hurlingham, 3 Mei 2024

Baba,

Mulembe, na pole kwa kukaa kimya. Sijui wewe na Mama mnaendeleaje, na ni kosa langu kutojua. Nilikuwa naona haya.

Rangi niliipata pale pale uliposema, chini ya bamba, na mstari wa manjano ukiwa mzima. Nilichanganya siku mbili hadi ikalingana. Kibe alikuja, akaitazama bila hata kuvua miwani ya jua. "Hii kijani inakaa ya choo cha shule. Mimi nataka nyeusi na dhahabu. Na muweke kutu kiasi, watu wanapenda kutu." Maxwell akajibu, "Hakuna shida, mkubwa." Alasiri moja tu, akafunika yote kwa rangi ya kupuliza.

Hilo ningelimeza. Lakini banda halikuwa na fuawe, na Kibe aliitaka. Maxwell alichukua yako. Akaigonga tarakimu ubavuni, 1898. Ili ionekane ya kale akaiweka kwenye beseni bafuni, akaikojolea wiki nzima, akiongeza chumvi. Nyumba ilinuka hadi Namalwa akauliza nani anaumwa. Nilipomwambia hii ni ya Baba, akasema, "Mzee hafui tena. Atajuaje?" Nikaenda kutapika.

Sasa iko mkahawani, na kadi inasema ililetwa na mlowezi wa kwanza wa Kitisuru, aliyewafulia farasi wake viatu kwa mkono wake mwenyewe. Naona kinyaa hata kumpakulia Maxwell chakula. Nisamehe kwa kunyamaza hadi ikaondoka.

Waithera wako


Kimilili, 30 Juni 2024

Mama Namalwa,

Natumai wewe na mtoto ni wazima. Mimi nilikuja Nairobi wiki iliyopita. Sikupita kwenu, chai ya nyumba hiyo isingeshuka.

Nilikwenda mkahawani nikiwa na koti langu la kanisa. Fuawe niliiona kabla sijaketi, imemulikwa taa, na mwanamke mmoja ameweka glasi ya mvinyo juu yake. Nilisoma kadi. Nikamwambia msichana wa kuhudumu, anaitwa Peres, "Hii nimeitengeneza mimi." Hakucheka. Alinipa kiti, akamwita Kibe. Nikamwambia Kibe aiinamishe, ataona S.W., herufi za jina langu, na 1979 chini yake. Waliinamisha. Zilikuwepo.

Kibe akampigia Maxwell, na Maxwell akaja. Aliniona, Waithera, tulitazamana. Kibe akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Mwanangu akasema, "Simjui huyu mzee. Hawa wa kuombaomba wako wengi."

Mlinzi alinishika mkono hadi langoni. Nilitema mate pale barabarani, mimi ambaye huwakataza watoto kutema mate.

Achana na fuawe. Sitaki kuisikia tena.

Babu wa Namalwa


Kinoo, 21 Julai 2024

Baba,

Mulembe kwako na kwa Mama. Tazama anwani: mimi na Namalwa tuko kwa dada yangu Virginia. Maxwell hakunieleza chochote. Nilijua kutoka kwa barua yako, nikamsomea yote akiwa anakula. Aliendelea kutafuna. Nilifunga nguo siku hiyo hiyo.

Sikukutii. Nilimwendea Kibe Kitisuru na ile picha yako ya zamani, wewe umeshika nyundo mbele ya fuawe. Akasema, "Wageni hawajui tofauti. Tunyamaze tu, nitakupa kazi nyingine." Nikamwambia nitakuja saa ya chakula cha mchana, nisimame kati ya meza zake, niwasomee wageni ile kadi huku nimeinua picha. Akasema niondoe uchafu wangu.

Mwololo, jirani wa Virginia, alinibebea fuawe kwa pikapu, Peres akashika upande mmoja. Nimeiosha mara nne kwa sabuni na mafuta ya taa. Jua likiipiga bado inanuka kidogo. Inakuja na lori la Alhamisi. Ukitaka, itupe mtoni, lakini uitupe wewe.

Waithera


Kimilili, 15 Septemba 2024

Mama Namalwa,

Natumai nyote kwa Virginia mko salama. Mzigo ulifika, uko ghalani.

Maxwell alikuja Jumatano. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Juni, kwamba akibisha nitamwambia simjui. Alibisha, mdomo ukakataa. Nikasema, "Ingia." Lakini aliponinyoshea mkono, wangu haukutoka mfukoni. Veronicah alimlisha. Alikaa siku tatu, akapasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba. Siku ya pili alisema, "Baba, niliona aibu mbele ya wale watu." Nikamuuliza, "Aibu ya nini, ya ulichofanya au ya koti langu?" Akachukua shoka, akarudi kwenye kuni.

Jana ameondoka. Sikumsindikiza. Anasema atakuja huko Kinoo kukuomba. Mimi sitakuambia umpokee, wala sitakuambia umfukuze, kwa sababu mwenyewe bado sijampa mkono, na ni mwanangu.

Shule zikifungwa mlete Namalwa. Uje na Maxwell au uje bila yeye, hapa ni kwako.

Baba yako,
Sifuna