Tableti ya Futikamba

Dada yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, na natumaini mgongo wako umepoa. Mama anakula vizuri na kugombana na jirani vizuri, kwa hiyo ujue hajambo.

Wiki iliyopita afande mmoja, mwanamama, alikuja kibandani kwangu akitaka nifungue tableti ya Futikamba, yule mpima ardhi uliyemwacha bila jibu ulipohamia huko kazini. Futikamba alikuwa ameniletea nibadilishe kioo, na namba ya siri akaniachia ili niijaribu. Unanijua kwa ubishi. Nilikunja mikono nikamwambia mali ya mteja kwangu ni amana, alete kwanza hati ya hakimu.

Hakukasirika. Alisema siku nyingine ningekuwa na haki, naye asingethubutu kuigusa bila hati. Lakini Futikamba alikuwa hajarudi nyumbani siku mbili, na uhai ukiwa hatarini sheria haingoji karatasi. Alitaka kujua simu ya Futikamba iko wapi, basi. Akanitaka nimpigie dada yake Futikamba nihakikishe. Nilipiga, na kilio nilichokisikia kilinimaliza ubishi.

Tableti ilionyesha simu iko kwenye machimbo ya kokoto. Walimtoa shimoni amevunjika mguu, midomo imekauka, lakini hai.

Sasa dada, usinune. Afande alipoondoka mbio, tableti ilibaki wazi mikononi mwangu. Kulikuwa na ujumbe ambao haujatumwa, umeandikwa kwako. Niliusoma wote, mara mbili. Afande alifunguliwa mlango mmoja akaishia hapo hapo; mimi niliyemdai hati nikazunguka nyumba nzima. Niliona haya hata kula sikuweza.

Jana nilikwenda wodini kumwungamia Futikamba. Alinisikiliza huku akitazama matone ya dripu. Kisha akaniuliza kama niliona makosa ya tahajia, maana wewe huyavumilii. Baadaye, kwa sauti ya chini, akaomba namba yako mpya.

Nilimjibu kwamba namba ina mwenyewe, nitamwomba kwanza. Alicheka, mguu ukamuuma.

Aliyoyaandika sitakuambia, ni yake. Niambie tu kama nimpe. Ukikataa, nitanyamaza na sitakuuliza sababu.

Mama anakusalimu, na anasema ule vizuri.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Fundi